Kimya cha Sekunde Thelathini na Nne

Mikono ilikuwa sitini, na yote ilikuwa ya kushoto.

Aliyegundua ni msichana wa cherehani ya tatu, yule anayeshona huku akitafuna ubani. Alishika mkono mmoja wa shati, akashika wa pili, akaugeuza, akaugeuza tena, mwisho akaujaribisha kwenye bega lake mwenyewe kana kwamba kosa lingeweza kuwa la bega. Kisha akazima mashine. Karakana ile ya kushonea sare za shule ina cherehani nane, na moja ikizimwa kabla ya saa ya chakula, wote huinua vichwa.

"Mama Mkasi," aliita polepole, "hawa watoto watavaa vipi?"

Mama Mkasi halikuwa jina lake la kuzaliwa, lakini alikuwa amekata nguo kwenye meza ile kwa miaka thelathini na moja, na jina lile jingine lilibaki kwenye kitambulisho tu. Ukataji una utaratibu wake. Kitambaa hulazwa mezani tabaka juu ya tabaka, moja likitazama juu, linalofuata likitazama chini, hivyo hivyo mpaka mwisho, ili kiolezo kimoja kikizungushiwa wembe wa umeme kitoe mikono ya kulia na ya kushoto kwa mpigo mmoja. Ukilaza tabaka zote zikitazama juu, umeharibu mzigo mzima. Hilo ni kosa la mwanafunzi, tena wa wiki ya kwanza, tena hulifanya mara moja tu, kwa sababu akilifanya mbele ya Mama Mkasi atasemwa mpaka atamani ardhi ipasuke immeze. Sasa amelifanya yeye. Na kilichomtisha kuliko hiyo mikono sitini ni kwamba hakukumbuka kulaza hata tabaka moja.

Mwenye karakana alikuja na kusimama kando ya meza. Alikuwa kijana aliyerithi kazi kwa baba yake, na mtu aliyemfundisha kushika mkasi, enzi hizo kichwa chake kikiwa sawa na ukingo wa meza, ni huyu huyu mama aliyepaswa kumkaripia leo. Hakujua aweke wapi mikono yake.

"Mama, mwezi uliopita ulikata kola fupi. Wiki iliyopita wembe ulipita hapa," alisema, akionyesha upana wa kucha kutoka kwenye kidole gumba chake. "Nililiona, nikanyamaza. Sasa siwezi kunyamaza. Nakupa mpaka shule zifunguliwe, wiki nne. Tafuta kinachokusumbua. Tukishindwa, nitakuomba uhamie kwenye vifungo."

Vifungo ni ile kona ya dirishani yenye viti vifupi, wanapokaa watu wanaosubiri kustaafu. Mama Mkasi hakuidharau kazi ya vifungo. Alichokiogopa ni kile kiti. Alijua kabisa kwamba akikaa tu, atalala, na akilala mbele ya wasichana nane, miaka thelathini na moja ya jina lake itakuwa imekwenda na maji.

Basi akaanza kutafuta. Na hapa lazima nikwambie jambo moja kuhusu mama huyu: alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Utotoni alifumua gauni zuri la mama yake, mshono mmoja baada ya mwingine, kwa sababu alitaka kujua ni nini hasa kinachozuia kiuno kisianguke. Alichapwa, lakini alijua. Uzee haukumpunguzia chochote. Alimuuliza fundi umeme kwa nini waya mmoja ni wa rangi hii, akamuuliza mchimba kaburi kwa nini udongo unaotoka huwa mwingi kuliko unaorudi. Safari hii alijigeukia mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakupata wa kumjibu.

Alianza na macho, akabadilisha miwani. Akaona vizuri zaidi jinsi anavyokosea. Akaenda kwenye damu; wakampima, wakamwambia damu anayo ya kutosha na kubaki. Akaongeza chai ya rangi mpaka mikono ikawa inatetemeka, na mkono unaotetemeka mbele ya wembe ni balaa juu ya balaa. Akaacha chai. Alikuwa analala kwa muda wa saa nane kamili, anaamka na kichwa kizito kama mtu aliyebeba magunia usiku kucha, mdomo umekauka, koo linawasha. Dawa za presha alikuwa anazimeza kwa uaminifu kila siku, na presha ilikuwa inamtazama tu. Alisinzia kwenye foleni, alisinzia kwenye mikutano, na siku moja alisinzia amesimama wima, chaki mkononi, akachora mstari ulioanza kwenye kitambaa na kuishia kwenye meza.

Nyumbani alikuwa akiishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyehamia kwake miezi mitatu nyuma baada ya kupata kiinua mgongo. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja kilikwisha kumezwa na marobota ya kitambaa, kwa hiyo walilala chumba kimoja, vitanda viwili, taa katikati. Wifi alikuwa amefanya kazi ya kupokea simu kwenye ofisi kubwa kwa maisha yake yote. Alikuwa na sikio la ajabu: alimjua mtu kwa jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema haloo. Ulimi wake nao ulikuwa haujastaafu.

"Wifi, jana umechana shuka nzima," alisema asubuhi moja wakinywa chai.

"Shuka gani?"

"Ile ya kwenye koo lako. Umeichana, ukaiunga, ukaichana tena. Nilidhani umeleta kazi nyumbani."

"Mimi sikoromi," alisema Mama Mkasi.

"Na mimi sili." Wifi alichukua kipande cha tatu cha mkate. "Hapa nakusindikiza tu."

"Nimeishi na pua hii miaka hamsini na minane. Ingekuwa inakoroma ningeisikia."

Ilikuwa hoja safi, na ilikuwa na kasoro moja tu: shahidi anayetegemewa huwa amelala. Wifi hakubishana. Watu wa simu hawabishani, wanaunganisha. Siku mbili baadaye aliweka simu ya mkononi juu ya meza, na waya wa masikioni juu ya simu.

"Nimekurekodi saa tatu nzima. Kasikilize mwenyewe, halafu uje uniambie huyo ni nani. Kama ni mwizi, tutafute polisi."

Mama Mkasi aliisikiliza saa ya chakula, wasichana wakiwa wamekaa juu ya marobota, yeye kasimama mezani kwake kama kawaida maana alikwisha kuogopa viti. Dakika za kwanza aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Sauti ilikuwa nene, ya mtu mzima mwenye madaraka, na haikuonyesha heshima kwa yeyote. Lakini aibu yake haikukaa sana. Udadisi uliisukuma ukakaa mahali pake. Akaanza kusikiliza kama anavyosikiliza cherehani iliyoletwa na msichana anayesema hajui ina nini. Mkoromo ulikuwa unapanda, unapanda, unafika juu. Halafu, kimya.

Alidhani simu imezima. Aliitazama; namba za muda zilikuwa zinakwenda. Aliendelea kusubiri, na ghafla kikatoka kishindo kikubwa cha pumzi, cha mtu aliyetolewa majini, kisha mkoromo ukaanza upya kutoka chini. Akampigia wifi.

"Hapa katikati ulizima?"

"Sikuzima kitu. Hapo ndipo unapopumzika, mama. Na mimi ndipo ninapopata lepe la usingizi. Kila ukinyamaza namshukuru Mungu."

Jibu hilo lingemtosha mtu mwingine. Nani asiyejua kwamba mkoromaji akinyamaza ametulia? Hata Mama Mkasi alilijua hilo siku zote, alilikuta duniani. Lakini mkataji haamini kitu ambacho hajakipima. Alijiuliza: kama hapo napumzika, mbona naondoka kwenye kupumzika kwa kishindo namna ile?

Alikunjua karatasi ya kaki ya kuchorea violezo, akaitandaza mezani, akachonga chaki. Akairudisha sauti mwanzo na kukodolea macho saa ya ukutani. Kila pumzi aliitia alama ndogo. Kila kimya alikichorea mstari, inchi moja kwa kila sekunde kumi. Wasichana waliacha mazungumzo yao, wakasogea. Baada ya nusu saa karatasi ilikuwa na kitu ambacho hakikufanana na shati wala suruali: vijialama vya haraka haraka, halafu mstari mtupu, vijialama, mstari mtupu. Mistari ilikuwa kumi na tisa. Alivuta utepe wake wa kupimia kutoka shingoni, akaupima mrefu kuliko yote.

"Inchi tatu na kitu," alisema. "Sekunde thelathini na nne."

"Za nini?" aliuliza yule wa ubani.

"Za kutovuta pumzi. Hebu nihesabieni."

Akafumba mdomo na kujiziba pua, bila kujaza kifua kwanza, maana kwenye simu hakusikika kujaza. Wasichana walihesabu kwa sauti, kwa raha zao, kama watoto wanaoruka kamba. Kumi ilipita vizuri. Kumi na tano kifua kilianza kugonga. Kumi na tisa macho yalimtoka. Ishirini na mbili akaachia, akavuta hewa kwa kelele, na wote wakavunjika mbavu, pamoja na yeye mwenyewe. Kila mmoja akataka kujaribu. Yule wa ubani alifika ishirini na nane, akatoa ubani na kudai arudie. Mama Mkasi aliendelea kucheka mpaka alipoitazama tena karatasi. Kitu alichoshindwa akiwa macho, kwa nguvu zake zote, na watu wakimshangilia, alikuwa anakifanya usingizini mara kumi na tisa kwa nusu saa. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Kesho yake aliomba ruhusa, akaenda hospitali na karatasi ameiviringisha kwapani. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye viatu vya raba, mkunjo wa mto ukiwa bado shavuni. Mama Mkasi alikuwa amepita mbele ya madaktari wengi kwa ajili ya ile presha, wakamuuliza anakula nini, anafanya kazi gani, ana mawazo gani. Hakuna aliyemuuliza analala vipi, na yeye, pamoja na kuuliza kwake kote, hakuona kama hilo ni jambo la kumwambia mtu.

"Umeniletea nini, mama?"

"Usingizi wangu."

Daktari alikitandaza kile kiolezo juu ya kitanda cha wagonjwa, akakiinamia.

"Hivi vijialama ni pumzi," Mama Mkasi alimwelekeza. "Na hii mistari mirefu ndipo ninapopumzika."

"Nani amesema unapumzika?"

"Kila mtu."

"Mama, hilo neno limebeba pumzi ndani yake. Kupumzika." Daktari aliweka kidole kwenye mstari wa inchi tatu na kitu. "Hapa pumzi hakuna. Hapa ndipo unapohangaika kuliko mahali pengine pote."

Mama Mkasi aliutazama tena ule mstari. Amelisema neno lile maisha yake yote, na hakuwahi kulifumua.

Daktari alimweleza, na kila alipofika mahali alikatizwa na swali, akalijibu, akaendelea. Misuli ya koo hulegea mtu akilala. Kwa watu wengine koo linalegea mpaka kuta zake zinagusana.

"Kama mkono wa shati wa kitambaa chepesi," Mama Mkasi alisema. "Ukiunyonya kwa ndani unajikunja na kushikana."

"Ndiyo hivyo. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Pumzi imekatika. Oksijeni kwenye damu inashuka, moyo unaanza kukimbia, mwisho ubongo unashtuka na kukuamsha kidogo tu, kiasi cha kufungua koo. Ndicho hicho kishindo. Hukumbuki, lakini umeamshwa. Halafu unazama, na inaanza upya."

"Kwa hiyo silali."

"Unalala na kuamshwa. Siyo kila anayekoroma yuko hivi, wengine wanakoroma na wako salama. Lakini anayekoroma akanyamaza, akashtuka, halafu mchana kutwa anasinzia, huyo apimwe. Akiachwa miaka, moyo unachoka. Presha inakaidi dawa, kama yako. Mapigo yanaweza kwenda ovyo. Kiharusi kinakuwa karibu, sukari inakuwa ngumu kuiongoza. Na kuna ajali. Wewe unafanya kazi gani?"

Mama Mkasi alimwambia. Daktari aliutazama mkono wake wa kulia, akavihesabu vidole kwa macho, kimoja kimoja.

"Nitakupima shingo," alisema.

"Inchi kumi na saba kasoro robo. Miaka kumi iliyopita ilikuwa kumi na nne na nusu."

Daktari alikiri kwamba hajawahi kupata mgonjwa anayeijua shingo yake mwenyewe. Shingo nene, alisema, ni moja ya dalili wanazoziangalia. Mama Mkasi alifikiri juu ya shingo zote alizowahi kuzipima kwa miaka thelathini na moja, namba baada ya namba, bila kuwahi kujiuliza ndani yake kuna nini zaidi ya kola.

Walimpa kifaa cha kulala nacho nyumbani: kibanio kidoleni, mkanda kifuani, kijibomba chini ya pua. Wifi alisema anafanana na redio iliyofunguliwa. Majibu yalirudi na namba moja iliyopigiwa mstari: pumzi ilikatika au kufifia mara arobaini na moja kwa saa. Mama Mkasi alipiga hesabu palepale. Ni kama mtu amesimama kando ya kitanda chako, na kila baada ya dakika moja na nusu anakuvuta sikio, usiku kucha, miaka nenda rudi. Halafu asubuhi unaambiwa ukakate sare za watoto, mikono ya kulia na ya kushoto.

Alirudi karakana, akamwendea yule kijana mwenye karakana bila kusubiri wiki nne ziishe.

"Nimekipata," alisema. "Kina jina na kina dawa. Lakini mpaka daktari aseme, sishiki wembe. Niweke kwenye vifungo."

Hilo lilimuuma kulitamka kuliko alivyotegemea. Alikaa kwenye kile kiti kifupi, na kama alivyojua, siku ya kwanza alilala na kifungo mdomoni. Wasichana walimfunika kwa kipande cha kitambaa, na hakuna aliyecheka.

Dawa ilikuwa mashine ndogo ya kusukuma hewa, yenye bomba na barakoa ya kuvaa puani, ili koo lisipate nafasi ya kujifunga. Aliambiwa pia apunguze mwili na alale ubavu, lakini hayo yangechukua muda. Mashine ilianza usiku uleule. Aliichukia. Usiku wa kwanza aliivua mara nne. Wifi alimwambia tangu azaliwe hajawahi kulala chumba kimoja na rubani. Mkanda wa barakoa ulikuwa unalegea kisogoni na hewa inavujia machoni, mpaka alipomuuliza daktari kama anaruhusiwa kuupunguza, akaruhusiwa, akaufumua na kuushona upya kwa kipimo cha kichwa chake. Baada ya hapo hakuwa na kisingizio.

Asubuhi ya siku ya kumi aliamka kabla ya saa kulia. Alikaa kitandani akijikagua, akitafuta maumivu ya kichwa yalipojificha. Hayakuwepo. Alitazama ukuta, akaona ni wa kijani. Siyo kwamba alikuwa hajui ni wa kijani. Ila kwa miaka mingi hakuwa na nguvu za kulitilia maanani. Akaanza kuimba chooni, kitu kilichomfanya wifi agonge mlango kuuliza kama yuko salama.

Wiki ya nne daktari alimpima, presha ilikuwa imeanza kusikia, akamruhusu. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Alisimama mezani, akalaza tabaka mia na ishirini, moja likitazama juu, linalofuata likitazama chini, na alilikumbuka kila moja. Wembe ulipita kwa sauti moja. Furaha aliyoisikia ilikuwa ya kitoto kabisa, na hakuificha. Ilimpeleka mpaka saa tisa alasiri, akiwa anakata mkono wa mwisho, ilipogeuka ghafla na kuwa kitu kingine. Ikabidi azime mashine na kushika meza.

Alikuwa amemkumbuka mumewe. Mpiga chapa, mtu mpole, mwenye shingo ya inchi kumi na nane, ambaye kola zake alimkatia yeye mwenyewe. Alikoroma mpaka jirani akahamisha kitanda. Alisinzia kwenye harusi, alisinzia kwenye misiba, alisinzia kwenye mashine ya kuchapia mpaka akaachishwa kazi. Na yeye, mkewe, siku hiyo alimwambia nini? Alimwambia mwanamume mvivu ni mzigo. Tena alilirudia neno hilo miaka mitatu, mpaka ile Jumapili mchana mumewe aliposinzia kwenye kiti cha sebuleni, yeye akiwa chumba cha pili anashona. Mkoromo ulikatika. Alikumbuka kwamba alisema, kwa sauti, "Afadhali," akaendelea kushona. Walisema ni moyo.

Alikwisha kumuuliza daktari juu yake, ile siku ya majibu. Daktari alimjibu kwa upole kwamba hakumpima, na hawezi kumdanganya. Inawezekana ndiyo, inawezekana siyo. Mama Mkasi, ambaye hakuwahi kuliachia swali bila jibu, alielewa kwamba hili atazikwa nalo.

Lakini jambo moja alilijua sasa, kwa sababu lilikuwa limemkalia mwilini mwake. Alipofika nyumbani alimkuta wifi anakunja nguo zilizokauka, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Wifi, kaka yako hakuwa mvivu."

Wifi aliendelea kukunja shati moja, akalikunja mpaka likawa dogo kama leso.

"Nilimcheka mbele ya watu," alisema baadaye. "Siku ya harusi ya binti yangu. Nilimwambia aende akalale garini asituaibishe. Akaenda."

"Na mimi nilimwita mzigo."

Walikaa pamoja kwenye kitanda kimoja, wakalia, mmoja akianza pale mwenzake anaponyamaza. Mama Mkasi aliona uchungu mkubwa, na chini ya uchungu aliona hasira, si kwa mtu yeyote, ila kwa wepesi wa lile neno walilomwita. Wifi ndiye aliyefuta machozi kwanza.

"Na mwanao?" aliuliza.

Mwanawe alikuwa anaendesha lori la saruji, mji wa pili, mwendo wa saa moja kwa barabara. Alikuwa na sura ya baba yake na shingo ya baba yake. Mwezi uliopita alichelewa kazini mara tatu, na kila Jumapili mama yake alimpigia simu kumkumbusha kwamba usingizi haujawahi kumjengea mtu nyumba. Mama Mkasi alimtazama wifi, kisha akaitafuta simu kwenye mkoba, akaikosa, akaumwaga mkoba mzima juu ya shuka.

"Mama," kijana alipokea akijitetea kabla hajaulizwa, "leo niliwahi kabisa, waulize."

"Sijakuuliza. Mpe mkeo simu."

"Kuna nini?"

"Mpe mkeo simu, baba."

Alisikia simu ikibadilisha mikono. Mkwe wake alikuwa msichana mkimya, mwenye adabu nyingi, ambaye mbele ya mama mkwe husema nusu ya anachokijua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nakuuliza kitu, na usinionee haya. Mumeo akilala, anakoroma?"

"Anakoroma, mama," alisema, na tabasamu likasikika.

"Huwa ananyamaza katikati?"

Tabasamu likaondoka. Nyayo zilisikika, mlango ukafungwa taratibu, na aliporudi alikuwa anaongea kwa sauti ya chini.

"Huwa ananyamaza."

"Na wewe hufanya nini?"

"Namtikisa, mama. Akinyamaza nahesabu mpaka ishirini, halafu namtikisa mpaka avute. Yeye hajui. Nina miezi saba silali. Nilitaka kukwambia, nikaona utasema namchafulia mwanao jina."

Mama Mkasi alifumba macho. Msichana yule, bila karatasi, bila saa ya ukutani, bila daktari, alikuwa amekijua kile kimya na kukikesha peke yake.

"Mwambie kesho hagusi lori," alisema. "Nitaongea na bosi wake mimi mwenyewe. Pandeni basi mje leo hii, asubuhi nitawapeleka kwa daktari."

"Sawa, mama."

"Na usiku wa leo wewe utalala. Nitakaa naye mimi."